Wiki moja ya kozi ya moyo ndani ya meli ya kitalii, maoni ya daktari wa kituo cha afya Moshi

Wenzangu wa kazi tukikutana kwenye hospitali za hapa Moshi, iwe Mawenzi iwe KCMC, swali ni lile lile, Dokta ile kozi ya melini ilikuwaje, ilikula shilingi ngapi, na je imekusaidia. Nimejibu kwenye simu mpaka nimechoka kwahiyo naandika yote hapa, ni marefu kidogo mnivumilie.

Kwanza mjue nilifikaje huko manake kwa mshahara wangu wa kituo cha afya nisingefika. Dada yangu mkubwa ni daktari wa familia Marekani, na madaktari wengi wa kule wanachanganya mafunzo na likizo, unalipia meli, unalipia na kozi juu yake, siku ya baharini unakaa darasani, siku ya bandarini unashuka kutembea. Chumba cha melini bei yake ni ya watu wawili hata ukilala peke yako, sasa shemeji kazi zikambana, dada akanipigia usiku akaniambia mdogo wangu kitanda kimoja kiko wazi, kozi ni ya moyo na afya ya msingi, we si ndo kila siku unahangaika na wagonjwa wa presha, njoo. Chumba na chakula akalipa yeye, nauli nikajitegemea, ada ya kozi tukagawana. Ada peke yake ilikuwa karibu dola 1,000, ukipiga kwa shilingi ilikuwa kama milioni 2 na nusu kwa masaa 14 ya darasa, basi.

Viza ya Schengen nilifuatilia Dar, euro 90, na wanataka bima ya safari isiyopungua euro 30,000, barua ya kazini, karatasi za benki, tiketi, kila kitu. Anzeni miezi mitatu kabla, mi nilianza na miezi miwili na pasipoti niliipata zikiwa zimebaki siku nne, usingizi uliniisha. Nilipanda KIA kupitia Doha mpaka Barcelona, meli ikaondoka pale jioni.

Meli yenyewe sitaisifia sana wala kuiponda sana. Ni safi, chakula ni kingi kupita kiasi, kila mlangoni wanakusimamia unawe mikono kwa sababu melini ugonjwa wa kuhara ukiingia unasambaa haraka, na hilo nililipenda kwa kweli. Vitu vya kushtukiza ni bili, intaneti unalipia, bakshishi ya wahudumu wanakukata kila siku kwa kila mtu, soda unalipia. Tulipita Napoli, Civitavecchia ambapo ukitaka kuiona Roma unapanda treni kama saa moja, Livorno, na Palma. Picha ninazo, mtu akitaka nitamuonyesha, turudi darasani.

Ratiba ilikuwa hivi, siku saba za safari lakini siku za baharini mbili tu, kwahiyo masaa sita siku ya kwanza ya baharini, masaa sita siku ya pili ya baharini, na saa moja moja jioni mbili za bandarini watu wakiwa wametembea mpaka miguu imevimba. Hapo ndo shida ya kwanza. Masaa sita ya mada za moyo kwa siku moja kichwa kinajaa, saa tisa mchana nikaona hata dada anayezoea hizi kozi anasinzia. Alafu ile siku ya pili ya baharini bahari ilichafuka, meli inayumba kama daladala ya barabara ya vumbi, nusu ya watu hawakutokea na wengine walisaini asubuhi wakaenda kulala. Karatasi ya mahudhurio inasainiwa mara moja tu asubuhi. Mi hili liliniuma kwa sababu mtu anapata krediti zile zile 14 za mfumo wa AMA PRA, yaani pointi za mafunzo za chama cha madaktari wa Marekani, sawa na aliyekaa mpaka mwisho, na mgonjwa wake hajui tofauti. Kama unaugua bahari nenda na dawa ya kichefuchefu kutoka nyumbani na uinywe kabla hujaanza kuyumba, ukishaanza kutapika umechelewa.

Sasa yale mazuri. Walimu walikuwa wawili, daktari bingwa wa moyo na daktari wa familia, wote wazee wenye uzoefu na hawakuwa na maringo hata kidogo.

Kipindi kilichonifanya nione hela yangu haikupotea kilikuwa cha kupima presha. Ndio, kupima presha, kitu tunachofundishwa mwaka wa kwanza. Yule daktari wa familia akaita mtu mmoja mbele akampima makosa kwa makusudi, mara anaongea naye, mara mkono unaning'inia, mara amekunja nne, na kila mara namba inabadilika mbele ya macho yetu. Alafu akatupa tafiti. Kuna moja ya 2024 inaonyesha mkono ukilala mapajani badala ya kukaa mezani usawa wa moyo, namba ya juu ya presha inasoma karibu 4 zaidi, na ukining'inia pembeni inasoma karibu 7 zaidi. Nyingine ya 2023 ilinitoa jasho, mtu mwenye mkono mnene sana anayehitaji kafu kubwa kabisa, ule mkanda wa kupimia unaofungwa mkononi, ukimfunga ile ya kawaida namba ya juu inapanda kwa karibu 20 ya uongo. Ishirini! Nikawakumbuka wamama wangu wa soko la Mbuyuni, wale wanene wanaokuja na haraka, amepanda ngazi, anaongea na simu, tunamkalisha kwenye benchi lisilo na egemeo, mkono ananing'iniza, kafu tunayo moja tu ya kawaida na hata kufunga haifungi vizuri inaachia, tunasoma 170, tunaandika dawa ya pili. Nilikaa pale nikajiuliza ni wangapi nimewaongezea dawa ambayo hawakuhitaji, na sina jibu mpaka leo.

Utaratibu wenyewe hauhitaji hata hela. Mgonjwa akakojoe kwanza, akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono umelala mezani usawa wa moyo, kafu inayomtosha kwenye ngozi sio juu ya sweta (na Moshi mwezi wa 7 kila mtu ana sweta), pima mara mbili ukiacha dakika moja au mbili katikati. Hilo tu.

Mada ya pili niliyoipenda ni moyo kushindwa kufanya kazi. Walielezea zile nguzo nne za dawa, kundi la enalaprili na ndugu zake, dawa za beta kama kavedilolo, spironolaktoni, na hizi mpya zilizoanza kama dawa za kisukari, dapagliflozini ambayo utafiti wake mkubwa wa moyo ulitoka 2019. Slaidi zilikuwa na lugha ya kule, gharama anabeba bima, mgonjwa anaanza zote nne ndani ya wiki chache na maabara inafuatilia figo na potasiamu. Mi nikawa nahesabu kichwani, tatu kati ya hizo nne ni dawa za zamani, za bei ya kawaida, tunazo. Ile ya nne wagonjwa wangu wengi hawaimudu. Lakini je hizo tatu tunazitumia sawasawa? Mara ngapi nimemuona mzee kaja na miguu imevimba, kapewa furosemaidi ya kutoa maji peke yake, uvimbe ukaisha akaruhusiwa, mwezi unaofuata karudi. Furosemaidi inampa nafuu ya kupumua, sio inayomuongezea miaka. Hapo nilijiona na mimi nimo, na nimeshabadilika.

Na aspirini. Hii wazee wa Kibosho na Machame inawahusu sana, manake mtoto akirudi Desemba kutoka Dar anamletea baba aspirini ndogo, anamwambia baba kunywa kila siku inazuia stroki. Utafiti mkubwa wa 2018 uliofanyika Australia na Marekani kwa wazee zaidi ya 19,000 waliokuwa hawana ugonjwa wa moyo ulionyesha aspirini ya kila siku haikuwakinga kwa maana na iliwaongezea kuvuja damu. Aliyeshapata shambulio la moyo au stroki ya damu kuganda huyo ni habari nyingine, asiache bila kumuona daktari wake. Ila mzee mzima wa afya anayeinunua tu dukani, hapana.

Sasa nifike pale nilipoinuka kuuliza swali. Ilikuwa mada ya mapigo ya moyo kwenda ovyo ovyo, ile atrio fibrilesheni, na bingwa alitumia nusu saa nzima kuelezea saa za mkononi zinazogundua mapigo hayo, na jinsi warfarini, ile dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, ilivyopitwa na wakati kwa kuwa kuna dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu kila mara. Watu wanatikisa vichwa. Mi moyo unanidunda, Kiingereza changu cha darasani sio cha mikutano, lakini nikanyoosha mkono nikamwambia Profesa, kwangu anayekuja na mapigo hayo mara nyingi sio mzee wa miaka 75 mwenye saa, ni mdada wa miaka 28 mwenye mimba ya pili, valvu imeziba kwa sababu alipokuwa mtoto aliumwa koo na homa ya baridi yabisi na hakuna aliyemchoma penisilini, huyo nimpe nini.

Ukumbi ulinyamaza. Na hapa nampa yule bingwa heshima zake zote, hakubabaisha. Alisema wagonjwa wa namna hiyo amewaona wachache sana maishani mwake, akasema nimemsahihisha, kisha akawaeleza wote kwamba kwa valvu iliyoharibiwa na ugonjwa huo dawa mpya hazijachukua nafasi ya warfarini, kuna utafiti wa 2022 ulioshindanisha rivaroksabani, moja ya hizo mpya, na dawa za kundi la warfarini kwa wagonjwa wa aina hii hii na warfarini ndo ikashinda, vifo vilikuwa vichache. Akaongeza kwamba kwenye mimba warfarini ina hatari zake kwa mtoto, kwahiyo mdada kama huyo asibaki kituoni, apelekwe haraka kwa bingwa wa moyo na wa uzazi waamue pamoja. Wakati wa chai alikuja kwenye meza yetu na daftari, akakaa mpaka chai ikapoa ananiuliza mimi, mnachoma penisilini kila wiki ngapi, watoto wanafuatiliwaje shuleni, valvu zinafanyiwa upasuaji wapi. Nikamweleza sindano ya penisilini aina ya benzathini kila wiki 3 au 4, nikamweleza KCMC, nikamweleza taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili iliyofunguliwa 2015, kwamba siku hizi sio lazima India kwa kila mtu. Na yeye akanitajia utafiti wa Uganda wa 2022, watoto waliokutwa na dalili za mwanzo kabisa kwenye eko, kile kipimo cha picha ya moyo, wasiohisi chochote, waliochomwa penisilini kila mwezi kwa miaka miwili wakawa hawazidiwi kama wale ambao hawakuchomwa. Uganda hapo tu! Nimekwenda mpaka Bahari ya Kati kuambiwa kitu kilichofanyika kwa jirani.

Na hilo ndo lalamiko langu kubwa kuhusu kozi, uzito wa mada haukuwa kwetu, hata kwa watu wa huko wenye wagonjwa wahamiaji. Kuhusu presha pia, slaidi zote zilifuata mwongozo wa Marekani wa 2017 kwamba kuanzia 130/80 tayari una presha, sawa, ila mwongozo wa WHO wa 2021 unaosema dawa zianze 140/90 na kwa mwenye ugonjwa wa moyo tayari 130 ya juu haukutajwa mpaka Mfilipino mmoja alipouliza. Mchanganyiko gani wa dawa unamfaa Mwafrika, wakaonyesha matokeo ya Wamarekani weusi tu, baadae yule wa familia ndo akakumbuka ule utafiti wa 2019 uliofanyika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, uliokuta amlodipini pamoja na haidroklorothayazidi, au amlodipini pamoja na perindoprili, zinashusha presha kuliko perindoprili na haidroklorothayazidi bila amlodipini. Hiyo kwangu ilistahili kipindi kizima, sio dakika mbili mwisho wa saa. Na chumvi, jamani chumvi, walizungumzia supu za makopo na mkate. Nyumbani kwetu chumvi inaingia kwa vile vidonge vya supu tunavyotia kwenye kila mchuzi, na kwa magadi kwenye kiburu na maharage, na magadi ni sodiamu ile ile, mgonjwa anakwambia kwa dhati Dokta chumvi nimeacha kabisa, na hajakudanganya, hakuna aliyemuuliza kuhusu magadi.

Niseme pia kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Siku ya nne kwenye chumba cha chakula kijana mhudumu akasikia mimi na dada tunaongea, akasimama na sahani zake, akasema shikamoo, nyie mmetoka wapi. Ni wa Kilifi, miezi saba yuko baharini. Alipojua sisi madaktari akaanza kutuambia kuhusu mama yake, ana presha, anakunywa dawa akijisikia kichwa kinauma, kisha kikipoa anaacha, na yeye ndo anatuma hela za dawa. Tukakaa naye zamu yake ilipoisha, dada akamwandikia kwenye karatasi kwa Kiswahili ampigie mama amsomee, dawa ni kila siku hata kichwa kisipouma, presha haina kelele. Akaikunja akaiweka mfukoni kwa uangalifu kama noti. Kwenye hizo slaidi zote za siku saba, sababu kubwa ya wagonjwa wangu kupata stroki, yaani kuacha dawa wakijisikia nafuu, ilipata slaidi moja.

Kurudi nyumbani. Wiki ya kwanza nilimwomba mganga mfawidhi nusu saa ya kikao cha asubuhi, tukapimana presha wenyewe kwa wenyewe, mkono ukining'inia na mkono ukiwa mezani, manesi walishangaa kama nilivyoshangaa mimi. Benchi la kupimia tumelisogeza ukutani ili mtu aegemee, na meza ya zamani iliyokuwa stoo tumeileta. Kafu kubwa nilizunguka nalo Moshi mjini kote sikupata linaloingia kwenye mashine yetu, nikalipata Arusha, nililipia mwenyewe. Jumanne ya kliniki mama mmoja wa Mbuyuni, anauza ndizi, ninamjua miaka minne, kwa kafu la zamani 178/100, kwa jipya baada ya kupumzika 156/92. Bado ana presha, bado anahitaji dawa zake, lakini dawa ya tatu niliyokuwa nataka kumuongezea wiki hiyo sikuiongeza, nikampa miadi arudi, na namba zake mpaka sasa ziko chini ya hapo.

Kwahiyo je uende? Kama kuna mtu anakulipia kama mimi, nenda, lakini chagua safari yenye siku nyingi za baharini, usichukue hii ya bandari kila siku, na omba ratiba ya mada kabla hujalipa, uone kama kuna mtu atakayezungumzia valvu na presha ya Waafrika. Kuhusu pointi za CPD, yaani za mafunzo endelevu, za leseni yetu, kabla ya kwenda uliza Baraza la Madaktari Tanganyika cheti cha nje wanakihesabu vipi na uende na kile wanachotaka, usirudi ndo uanze kuhangaika. Kaa mbele, uliza maswali, wale walimu wanapenda kuulizwa na wakati wa chai ndo unapata shule ya kweli. Kama ni hela yako ya mfukoni, daktari wa kituo au mteknolojia au nesi mwenye ada za watoto, usiende. Walimu nawapa 5 kati ya 5, mpangilio wa kozi 3, mahudhurio yale 1, na meli haihusiki.

Dada ameshanipigia kuhusu mwakani, safari ni ya Alaska, kozi ya kisukari na figo, shemeji naye anasema hataki baridi. Nimemwambia dada asante, ila ada yangu ya kozi na nauli tuziweke pembeni, kuna manesi wangu wawili wa kliniki ya presha wanataka kwenda kujifunza siku tano Arusha, na bado nadaiwa kafu la watoto. Amesema tuongee Jumapili baada ya kanisa.